Jipu la mfalme

Msikilizaji wa Kiptere, leo turudi nyuma hadi Juni 1902, mwaka ambao eneo letu lilitolewa Uganda na kutiwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mfalme wa Uingereza, Edward wa Saba, alikuwa avishwe taji tarehe 26. Katikati ya mwezi tumbo likamshika. Madaktari walipomwambia lazima apasuliwe, kwanza alikataa, sherehe je? Kumbe apendiksi, yaani kidole tumbo, ilikuwa imezungukwa na jipu.

Tarehe 24 Frederick Treves alimpasua palepale katika jumba la Buckingham, akatoa usaha. Apendiksi yenyewe hakuiondoa. Mfalme alipona, akavishwa taji Agosti 9, akaishi hadi 1910.

Umeona? Usaha ulipata njia ya kutoka, basi. Mwaka 2012 madaktari wa China, akiwemo Liu Bingrong, walieleza njia isiyotumia kisu: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa hadi mdomo wa apendiksi, uchafu huoshwa, na kijibomba huachwa ili usaha utiririke. Apendiksi ikishapasuka, mara nyingi njia hii haifai.

Mpira wa kamera si mgeni kwetu. Tenwek kule Bomet huutumia kwa saratani ya umio. Lakini kwa apendiksi, wengi wetu bado tutapasuliwa.

Kwa hiyo maumivu yakianzia kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, na homa ikaja, usinywe dawa ya kuharisha wala usikandwe tumbo. Panda matatu siku hiyohiyo, hata kama chai haijachumwa.