Maji Mazito: Jinsi Maji Hupika Stima ya Nyuklia

Ukitoka Embu ukishuka Mbeere, utapata Mto Tana ukisukuma mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yote yakipiga kazi pamoja hutoa karibu megawati 600. Sasa cheki hii: mtambo mmoja tu wa CANDU 6, mali ya Kanada, hutoa kama 700. Na haungoji mvua.

Siri yake? Maji mazito. Na usidhani yako mbali. Chota ndoo Rupingazi pale Embu, ama Kathita kule Meru, yamo ndani tayari. Shida ni kuyatoa.

Ni maji gani haya?
Haidrojeni ya kawaida ina protoni pekee. Ingine, diuteriamu, imebeba na nyutroni juu. Unapata moja tu kwa kila atomi 6,400 hivi. Maji yenye diuteriamu tupu huwa mazito kwa karibu asilimia 11.

Yanafanya nini?
Atomi ya uraniamu ikipasuka, nyutroni huchomoka mbio sana. Lazima zipunguzwe spidi ndio zipasue zingine. Maji ya kawaida huzipunguza lakini humeza nyingi. Maji mazito humeza chache sana. Kwa hivyo mtambo huu hula uraniamu vile imetoka ardhini, yenye asilimia 0.7 pekee ya ile aina inayopasuka. Joto huchemsha maji ya kawaida kando, mvuke unazungusha mashine, kama vile maji huzungusha pale Gitaru.

Utamu na uchungu
Utamu: hakuna gharama ya kurutubisha uraniamu, na fueli hubadilishwa bila kuzima mtambo.

Uchungu: kuchuja maji hayo hula doo mob. Pia hutengeneza tritiamu, ambayo hutoa mionzi, na ikivuja ni noma. Halafu kuna plutoniamu. India ilitoa ya bomu lake la 1974 kwa mtambo wa maji mazito uliotoka Kanada. Na mabaki ya fueli? Hayo hubaki hatari kwa maelfu ya miaka.

Kenya bado haina mtambo wowote wa stima ya nyuklia. Mpango upo, chini ya shirika la NuPEA, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga. Kwa hivyo msee, siku wakija kwenu na ramani, usiulize tu stima itashuka bei ngapi. Uliza mabaki yatalala wapi, na nani atayalinda wewe ukiwa umeshaenda.