Kujitolea na Kuitwa: Vitenzi Viwili katika Historia ya Misheni ya Unguja



Katika Kiswahili, mtu anayekwenda nchi ya mbali kutumika bila mshahara husemwa kuwa amejitolea. Anayeingia katika daraja za kanisa husemwa kuwa ameitwa. Usiku huu nataka kuuliza mtu huvukaje kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha pili. Mfano wangu ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA, iliyohamia Unguja mwaka 1864 baada ya kushindwa huko Magomero.

Tuanze na sarufi, kwani ndiyo kazi yangu. Tusemapo “nimemtolea sadaka”, kiambishi -m- ni cha mtendewa, yaani yule anayepata faida ya kitendo. Kwa kanuni hiyohiyo, -ji- katika “kujitolea” ingepasa kumfanya mtendaji awe ndiye mpata faida. Matumizi yamekataa. Mzungumzaji wa leo anaelewa kwamba mtu amejitoa yeye mwenyewe kwa ajili ya wengine. Hata hivyo maana ile ya kwanza haikufutika katika umbo la neno, na mwanahistoria anayesoma habari za wamisionari hana budi kuikumbuka: aliyekwenda ng’ambo alikwenda kwa faida ya nani? Pia tukiondoa kauli ya kutendea tunabaki na “kujitoa”, ambalo mara nyingi ni kujiondoa katika shughuli. Mofimu moja tu inamtenga anayejitolea na anayekimbia.

“Kuitwa” ni kauli ya kutendwa. Aitwaye hajiiti. Tena kauli hii inaruhusu mwitaji asitajwe, jambo ambalo limewafaa watu wengi wasiotaka kuulizwa maswali.

William Percival Johnson, aliyezaliwa mwaka 1854, alikuwa kijana wa Oxford aliyekusudia kwenda India katika utumishi wa serikali. Askofu Edward Steere, mwandishi wa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, alikuwa akitafuta watu, na Johnson akajiunga naye mwaka 1876. (Asichanganywe na Frederick Johnson wa kamusi za mwaka 1939, kosa ambalo wanafunzi wangu hawachoki kulifanya.) Mwaka huohuo alipewa ushemasi, na mwaka huohuo Steere akawapeleka bara watu waliokombolewa utumwani, kwa nia ya kuwarudisha kwao upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikakomea Masasi. Steere alirudi pwani, Johnson akabaki. Upadre aliupata mwaka 1878.

Wasifu wa watu kama hawa huandikwa kana kwamba mwito ulikwisha kukamilika Oxford, na Afrika ikawa mahali pa kuutekelezea tu. Sikubaliani na maelezo hayo. Kati ya ushemasi na upadre ipo Masasi: kijana wa miaka ishirini na miwili mbele ya watu waliokwisha kuuzwa, kusafirishwa na kukombolewa, ambao walihitaji mashamba, usalama na mtu wa kuwasikiliza. Kwa maoni yangu, hao ndio mwitaji asiyetajwa katika ile kauli ya kutendwa. Johnson hakuondoka tena katika nchi hizi isipokuwa kwa likizo na matibabu. Alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, na la pili likadhoofika. Aliendelea kutembea vijiji vya ziwani na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja hadi alipofariki Liuli mwaka 1928.

Si wote waliovuka. Arthur Madan alitoka Oxford akafika Unguja mwaka 1880, na kamusi zake za mwaka 1894 na 1903 zingali msingi wa kazi yetu. Alibaki mlei. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akaongoza shule ya wasichana Mbweni kwa miaka ishirini na mitano. Kwake yeye swali la daraja halikuweza hata kuulizwa, maana kanisa lake wakati ule halikuwa na upadre wa kumpa mwanamke. Ukipima utumishi kwa miaka, Thackeray aliyezikwa Mbweni mwaka 1926 anakaribiana na Johnson.

Nimemweka mwisho Cecil Majaliwa, kwa sababu yeye anavuruga mpango wangu. Majaliwa hakujitolea: alitolewa. Ni kitenzi kilekile, bila -ji-. Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi akaenda Chitangali, upande wa Ruvuma, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo. Jina lake nalo ni la kutendwa: majaliwa ni yale ambayo Mungu amemjalia mtu.

Je, tuseme kwamba safari ya Canterbury ilikuwa utumishi wa ng’ambo, au ile ya Chitangali? Kwa mtu aliyeng’olewa kwao utotoni, “ng’ambo” ni wapi? Kumbukumbu za misheni zinamhesabu Johnson kuwa ndiye aliyeacha nyumbani. Majaliwa alipokwenda Chitangali zilimwona kama mtu anayerudi kwa watu wake, ingawa alikuwa amekulia Unguja na kufundishwa kusali kwa Kiswahili cha Unguja. Hapo Chitangali alihudumu miaka kumi na zaidi, bila kuwa na Mzungu katika kituo chake, hadi mwaka 1897 aliporudi Unguja.