Programu ya bure iliyotangulia Pwani

Mwishoni mwa Januari 2025, siku chache baada ya Rais Donald Trump kusaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba hata mifumo ya kompyuta ya PEPFAR, ule mpango mkubwa wa kupambana na Ukimwi, ilikuwa ikizimwa. Hapa nchini mjadala ulijaa dawa na mishahara ya watoa huduma, na ilikuwa haki yake. Lakini sisi tunaokula kwa kuandika programu tulikuwa na swali jingine: takwimu za zahanati zetu zinakaa kwenye mfumo wa nani, na mfadhili akiondoka nani atautunza?

Jibu lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu yake kubwa inapita mkoa wa Pwani: Kibaha, Kisarawe, na kata za ndani kama Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, yenye mikorosho na mihogo, na si ile ya maghorofa ya Dar es Salaam.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na madaftari. Mwaka 1993 Wizara ya Afya ilianza kusambaza Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila muuguzi anauita MTUHA. Kila huduma ina daftari lake. Namba 5 ni la wagonjwa wa nje, namba 6 la wajawazito, namba 7 la watoto, namba 12 la wazazi wanaojifungua. Mwisho wa mwezi mhudumu huyafungua moja moja na kuhesabu. Fomu ya wagonjwa wa nje imegawanywa kwa umri: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka mmoja, mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, miaka mitano hadi chini ya 60, kisha 60 na kuendelea. Kila kundi lina safu ya ME, ya KE na ya jumla, na magonjwa yamepangwa kushuka chini kwa makumi. Mtu huyo huyo ndiye anayechoma sindano, anayezalisha na anayefagia. Akikosea mstari mmoja, malaria ya watoto inahamia kwa wazee.

Karatasi hizo zilipelekwa wilayani, wilaya ikajumlisha, mkoa ukajumlisha tena, wizara ikapokea. Zilipofika zilikuwa zimechoka, na aliyezijaza hakurudishiwa chochote. Mwaka 2005 Mtanzania Honest Kimaro na Jose Nhampossa wa Msumbiji walichapisha uchunguzi kuhusu mifumo ya taarifa za afya isiyodumu katika nchi zao mbili. Ukiisoma kazi hiyo leo unaona kidonda ambacho hakijapona: wizara, mfadhili na mtengenezaji wa programu kila mmoja anavuta upande wake, mradi unafungwa, mfumo unakufa.

Wakati huo tayari kulikuwa na njia nyingine, iliyozaliwa Afrika Kusini. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, nchi hiyo ilirithi idara za afya zilizogawanywa kwa rangi na kwa eneo, kila moja na fomu zake. Mnorwei Jørn Braa na wenzake wa Cape Town walianzisha mradi wa HISP, na kutokana nao ikapatikana programu iitwayo DHIS, ya kukusanya takwimu za afya za wilaya. Falsafa yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: kusanya takwimu chache, zile tu utakazozitumia, na azitumie kwanza yule anayezikusanya.

Njia hiyo ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa wenyeji wa Pwani, kusikia Norwei katika habari za afya hakukuwa jambo jipya. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, Norwei ikiwamo, likiwa na shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, kabla ya kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Hospitali ya Tumbi inatokana na mradi huo huo. Tofauti ya safari hii ni kwamba kilicholetwa kilikuwa msimbo wa programu, na waliotarajiwa kuushika ni wanafunzi wa hapa. Kimaro alihitimu shahada yake ya uzamivu Oslo mwaka 2006. Juma Lungo alifuata mwaka 2008, na tasnifu yake inahusu hasa programu huria katika elimu na afya nchini Tanzania, na umbali uliopo kati ya mfumo unavyobuniwa mezani na hali inayoukuta kituoni.

Hapo katikati ndipo ulipozuka ugomvi ambao watu wa nje ya fani yetu hawaujui, nao ndio ulioamua mengi.

DHIS ya kwanza ilijengwa juu ya hifadhidata ya Microsoft Access. Yenyewe ilitolewa bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote, lakini haikwenda bila Windows na Office, ambavyo havikuwa bure hata kidogo. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake kwenye kompyuta yake, na takwimu zilipandishwa mkoani kwa kubebwa kwenye diski. Waliolalamika walikuwa na haki: programu huria gani hii inayoegemea leseni ya kampuni?

Mwaka 2004 Oslo wakaamua kuanza upya. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa kwa lugha ya Java, likafunguliwa kwenye kivinjari, bila kujali kompyuta yako inatumia Windows au Linux. Leseni yake ni ya BSD, ambayo ni miongoni mwa zile zenye masharti machache kabisa. Cape Town, ambako Calle Hedberg alikuwa mhimili wa kazi, hawakuhamia huko. Waliendelea na toleo la Access, wakaliita 1.4, na Afrika Kusini ikalitumia kwa miaka mingi iliyofuata. Mradi mmoja ukawa na programu mbili.

Ni rahisi leo kuwacheka walioshikilia Access, kwa kuwa tunajua nani alishinda. Lakini sikiliza hoja ya upande huo. Ofisa takwimu wa wilaya aliyezoea majedwali ya Excel aliweza kuifungua Access, akaangalia ndani, akabadili ripoti yake bila kumpigia mtu simu. Java ilitaka mtu aliyesoma. Ilitaka ajue Spring, Hibernate na Maven, majina ambayo hata sasa humtoa jasho kijana aliyemaliza chuo juzi. Mwaka 2006 Kristian Nordal wa Oslo aliandika tasnifu juu ya ugumu wa kujenga mtandao wa watengenezaji wa DHIS2 katika nchi mbalimbali. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima, lakini mikono iliyouandika ilikuwa zaidi Oslo. Mtu wa India au Vietnam aliyejiunga kupitia intaneti alikuta mazungumzo yanakwenda kasi kuliko awezavyo kuyafuata, na maamuzi mengi yameshafanywa na watu wanaokutana kwenye korido moja.

Aliyewahi kujitosa kwenye mradi wowote wa programu huria kutoka Afrika Mashariki anaijua hali hiyo. Unatuma marekebisho yako usiku kwa sababu ndipo bando la bei nafuu linapofanya kazi. Unajibiwa baada ya siku kadhaa, kwa sentensi moja, kwamba jambo hilo lilishajadiliwa. Hakuna aliyekukataza kuingia, na hakuna anayekungoja. Leseni ya BSD inakuruhusu kuuchukua msimbo, kuubadili, hata kuuza ulichokibadili. Haikufundishi Java.

Kwa hiyo swali la ugomvi ule, yaani programu iliyo wazi iko wazi kwa nani, halikujibiwa na Oslo wala Cape Town. Lilijibiwa na nchi zilizoamua kufundisha watu wake.

Zanzibar ilikuwa mfano wa mapema. Ilianza na DHIS ile ya zamani mwaka 2005, na kilichoibeba hakikuwa teknolojia. Kila robo mwaka timu za wilaya zilikutana, kila moja ikasimama mbele ya wenzake na takwimu zake zikaonyeshwa ukutani. Wilaya inayodai kuchanja watoto zaidi ya asilimia 100 ya waliopo itaulizwa na majirani zake, si na bosi kutoka wizarani: hao watoto wa ziada mmewatoa wapi? Aibu ya kuulizwa na mwenzako hufanya kazi ambayo waraka hauwezi. Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay walieleza uzoefu huo katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012, na mtindo wa mikutano hiyo ukawa fundisho kwa nchi nyingine.

Bara, mambo yalisubiri nyaya za intaneti za chini ya bahari. SEACOM iliingia Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na intaneti ikaacha kuwa anasa ya mahoteli. Kenya iliwahi: mwaka 2011 iliiweka nchi nzima kwenye DHIS2 kupitia seva moja, watumishi wa wilaya wakiingia kwa modemu za simu. Tanzania ilikwenda kwa hatua. Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulikuwa na wilaya sita za Kibaha, Bagamoyo, Kisarawe, Mkuranga, Rufiji na Mafia, ndio uliotangulia kujaribiwa, sambamba na kuandikwa upya kwa fomu za MTUHA. Ulichaguliwa mkoa wenye kila aina ya tabu: barabara kuu ya lami na visiwa, mji na pori la Selous, vyote jirani na Dar es Salaam ambako watengenezaji walikuwa chuoni. Kufikia mwisho wa 2013 mfumo ulikuwa umefika mikoa yote ya Bara.

Kwa zahanati ya kata kama Masaki, badiliko hilo halikuonekana kwa macho. Muuguzi aliendelea na daftari namba 5 na kalamu. Kilichobadilika kilikuwa Kisarawe mjini. Mratibu wa MTUHA wa wilaya sasa anaingiza fomu ya kila kituo kama ilivyo, bila kujumlisha, na programu inamwonya ikiona watoto waliokutwa na malaria ni wengi kuliko waliopimwa. Mkoa na wizara wanaona namba ileile aliyoiandika, kituo kwa kituo. Kosa la Masaki halimezwi tena ndani ya jumla ya wilaya. Linabaki na jina lake, na mtu anaweza kupiga simu kuuliza.

Miaka iliyofuata imepita haraka. Vijana waliolelewa pale Chuo Kikuu na katika HISP Tanzania waliacha kuwa wapokeaji. Walitengeneza programu ndogo za kupachika ndani ya DHIS2, zikiwamo kadi za alama zinazoonyesha kwa rangi kituo kipi kinasuasua, na programu ya simu ya DHIS2 Touch, na kazi yao ikachukuliwa na nchi nyingine. DHIS2 yenyewe inatumika leo katika nchi zaidi ya 70. Mfumo wa DATIM, ambao PEPFAR ilikuwa ikiutumia kukusanyia takwimu zake, umejengwa juu ya msimbo huohuo.

Fikiri maana yake. Programu ileile, upande mmoja iko chini ya mfadhili na inaweza kuzimwa kwa amri ya ofisi iliyoko Washington. Upande wa pili iko chini ya Wizara ya Afya ya Tanzania na inaendelea kupokea ripoti kutoka Kisarawe. Msimbo haukutofautiana. Kilichotofautiana ni nani anaumiliki mfumo na kama ana watu wa kuuendesha.

Na hapo ndipo ninapoona tunajisahau. Kazi ya miaka hii yote imelipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, kuanzia Norwei hadi Global Fund, ikiwamo mishahara ya watengenezaji wetu wenyewe. Mradi ukifungwa, kijana anayejua kwa nini seva inazidiwa kila mwisho wa mwezi hupata kazi kwenye benki au kampuni ya simu, na hakuna wa kumlaumu. Tunajivunia kununua mashine za picha na magari ya wagonjwa kwa picha za magazeti, lakini mtu anayehakikisha namba za wagonjwa hao hazipotei hana fungu lake kwenye bajeti. Tunasema programu ni ya bure, kisha tunafanya kana kwamba na anayeitunza ni wa bure.

Kimaro na Nhampossa waliliona hilo mwaka 2005, kabla DHIS2 haijafika hata Kibaha. Wabunge watakapopitisha bajeti ijayo ya Wizara ya Afya, wamuulize waziri jambo moja: ni watengenezaji wangapi wa DHIS2 wanaolipwa na serikali yenyewe, na mkataba wa kila mmoja unaisha lini?