Upopulisti na utaifa (Kajiado)

Upopulisti huwapambanisha wananchi wa kawaida na tabaka la wakubwa. Utaifa huuliza nani ni mwenyeji na nani mgeni. Kaunti ya Kajiado, Kenya, imepitia yote mawili. Mwaka 1960 chama cha KADU kiliundwa Ngong, kikadai serikali za majimbo ili jamii ndogo, Wamaasai wakiwemo, zisimezwe na kubwa. Upopulisti ulijitokeza kitaifa mwaka 2022, William Ruto aliposhinda urais wa Kenya kwa kaulimbiu ya mahasla (wananchi wa kawaida wanaohangaikia riziki) dhidi ya koo za watawala. Juni 2024 vijana wa Kitengela, mji wa makabila mengi uliokua malisho ya Wamaasai yalipokatwa ploti, waliandamana dhidi ya Mswada wa Fedha wa serikali yake. Katika maandamano hayo, yaliyofanyika kote nchini, bendera ya taifa ilipeperushwa badala ya za vyama. Ruto alikataa kuutia saini mswada huo tarehe 26 Juni.