Mlango Tuliomfungia Paka

Katika majumba ya ghorofa ya miji yetu kuna vita vidogo vinavyopiganwa kila jioni, na uwanja wake ni mlangoni. Mtu anarudi kutoka kazini, mkono mmoja umeshika ufunguo na mwingine umebeba mfuko wa sokoni. Mlango unafunguka kidogo tu, na paka aliyeshinda ndani kutwa anachomoka kati ya miguu yake, anashuka ngazi na kutoweka. Watoto wanalia, majirani wanacheka, na mwenye nyumba anatoa hukumu: paka hana shukrani. Analishwa, analala kwenye kochi, kisha anatoroka.

Wiki hii, msikilizaji, nataka kumtetea mshitakiwa huyo, na shahidi wangu ni historia. Kwa maelfu ya miaka mlango wa binadamu ulikuwa wazi kwa paka. Sisi ndio tulioufunga, tena juzi juzi tu.

Ng'ombe na punda walikamatwa wakafungwa kamba. Paka, kwa maoni ya wataalamu wengi, alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Yapata miaka 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati walianza kulima na kuweka akiba ya nafaka. Nafaka ikawaleta panya, na panya wakamleta paka mwitu. Mwaka 2007 wanasayansi waliochunguza nasaba za paka walieleza kwamba paka wetu wa nyumbani wanatokana na paka mwitu wa eneo hilo. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2004, wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamekuta kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyempakia paka chomboni, akavuka naye bahari.

Huo ndio ulikuwa mkataba wa kwanza: mtu atoe ghala na mahali pa kulala, paka atoe kazi ya kuwinda. Wahenga wetu waliuelewa waliposema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Na kazi hiyo haifanyiki mlango ukiwa umefungwa.

Ushahidi wa mkataba huo umeandikwa hata katika vitabu vya hesabu. Katika mji wa Exeter, Uingereza, liko kanisa kuu la kale ambalo hesabu zake za kati ya mwaka 1305 na 1467 zinaonyesha malipo ya peni moja kwa wiki kwa ajili ya paka. Kanisani humo, katika mlango ulio chini ya saa kubwa ya ukutani, lipo hadi leo tundu la duara lililokatwa makusudi ili paka apite kuwafuata panya. Zingatia jambo hilo, msikilizaji. Watu walimlipa fundi seremala atoboe mlango mzuri, ili paka asizuiwe.

Huku kwetu hatukuhitaji kutoboa milango. Nyumba ya Kiswahili, kama zile zilizojaa Kariakoo au Ng'ambo ya Unguja, ina vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na ua nyuma. Paka aliingia kwa ukumbini, akatokea uani, akaruka ukuta, akaenda kwa wauza samaki, na usiku akarudi. Aliyekaa muda mrefu bila kurudi aliitwa paka shume, na habari yake ikaishia hapo. Hakuna aliyemwita mtoro.

Basi ni nini kilichoufunga mlango? Mimi naona mambo mawili, na yote yametoka mbali.

La kwanza ni ghorofa. Mwaka 1854 Elisha Otis aliwaonyesha watu wa New York lifti isiyoanguka hata kamba yake ikikatwa, na tangu hapo majengo yakaanza kupanda juu. La pili ni mchanga. Hata huko Marekani, paka wengi walitolewa nje usiku, kwa kuwa sanduku la majivu au mchanga ndani ya nyumba lilinuka na kuchafua sakafu. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan, kijana aitwaye Edward Lowe aliyekuwa akiuza udongo wa kufyonza mafuta viwandani alimpa jirani yake udongo huo badala ya majivu. Harufu ikapungua, naye akaanza kuufunga katika mifuko na kuuuza. Hapo ndipo ilipowezekana, kwa mara ya kwanza kwa watu wengi, paka azaliwe na afe bila kukanyaga ardhi.

Lakini tamaa ya kutoka haikufa. Paka wa maghorofani alipokosa mlango alijaribu dirisha. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York walichapisha habari za paka 132 walioletwa hospitalini katika muda wa miezi mitano tu baada ya kuanguka kutoka majengo marefu. Asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, akiwemo mmoja aliyeanguka kutoka ghorofa ya 32. Wapo waliofurahi wakasema paka kweli ana roho nyingi. Mimi sioni cha kushangilia. Waliokufa palepale barabarani hawakupelekwa hospitali, kwa hiyo hawakuhesabiwa.

Nasi tumeifuata njia hiyo hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na majumba ya ghorofa yakaanza kuongezeka Dar es Salaam. Michenzani yakajengwa yale majumba marefu ya enzi za Mzee Karume. Baadaye nyumba za Kiswahili za Kariakoo zikabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Ua ukatoweka, nasi tukapanda ngazi na paka mkononi. Yeye hakuulizwa.

Sisemi mlango ufunguliwe. Chini ya ngazi kuna daladala na bodaboda, kuna sumu ya panya, kuna ugonjwa wa kichaa cha mbwa ambao paka pia huupata na kumwambukiza mtu. Kumzuia ndani ni jambo la busara. Ila ipo hadithi ya Mtume Muhammad ambayo wasikilizaji wengi wa Pwani wanaifahamu, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki. Mimi nasoma humo kanuni inayomfaa kila mtu, wa dini yoyote: anayemfungia kiumbe anabeba wajibu wa kumpa kile ambacho angekipata nje.

Na nje paka alipata nini? Alipata mawindo, mahali pa kupanda, mwenzi na jua. Mawindo anaweza kuyapata ndani kwa mchezo wa kamba yenye kitambaa mwishoni. Paka ni mwindaji wa alfajiri na magharibi, na hizo ndizo saa tunazotoka kazini na kurudi. Mchezeshe asubuhi kabla hujatoka, kisha mwekee chakula chumba cha mbali na mlango. Jioni usimsalimie mlangoni, maana utamfundisha kukungoja hapo. Ingia, funga, nenda ndani, ndipo umwite. Mahali pa kupanda ni kibao kilichopigiliwa karibu na dirisha, nalo dirisha litiwe wavu wa chuma, kwa kuwa wavu wa mbu anauchana. Hamu ya mwenzi huisha kwa kumpeleka kwa daktari wa mifugo ahasiwe, na hapo hapo apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Sanduku lake la mchanga lisafishwe kila siku, na mtoto akabidhiwe kazi ya kuuliza "paka yuko wapi?" kabla mlango haujafunguliwa.

Yote hayo hayazidi gharama ya wavu, kibao na dakika chache kwa siku. Mababu wa Exeter walimlipa paka peni moja kwa wiki, na mlango wakamwachia wazi. Sisi tumeufunga, kwa hiyo ujira wake hauna budi kupanda.