Burudani na matukio ya utamaduni mjini Songea

Songea ni mji wa kusini mwa Tanzania na makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Burudani na matukio ya utamaduni mjini humo ni pamoja na kumbukumbu ya Vita vya Majimaji kila mwezi Februari, matamasha, ngoma za asili, mpira wa miguu, na maisha ya usiku katika baa na kumbi. Kinachoutofautisha mji huu na miji mingine ya Tanzania ni kwamba tukio lake kubwa la mwaka ni siku ya maombolezo. Mgeni anayelihudhuria huona ngoma na shangwe, lakini huwa amesimama kando ya kaburi.

Asili ya jina na ya kumbukumbu

Mji umepewa jina la nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa kivita wa Wangoni. Asili ya Wangoni ni kusini mwa Afrika. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake baadhi yao walifika eneo la Songea, wakaanzisha falme mbili: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini.

Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilianza mwezi Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, upande wa pwani. Wapiganaji waliamini kwamba maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale yangezifanya risasi za Wajerumani zisiwadhuru. Vita vilifika Ungoni mwezi Septemba mwaka huohuo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 mjini Songea, akiwemo Mputa Gama, mtawala wa Njelu, na wakawazika katika kaburi moja la pamoja. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai nduna Songea Mbano, lakini yeye alikataa kubaki baada ya wenzake kuuawa. Naye alinyongwa siku chache baadaye akazikwa peke yake, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Vita viliisha mwaka 1907. Makadirio ya watu waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala, huanzia 75,000 hadi 300,000.

Makumbusho ya Majimaji

Makumbusho ya Majimaji yako mjini Songea, katika eneo lilipo kaburi la pamoja. Yalianzishwa mwaka 1980, na mwaka 2010 yakawa sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ndani ya uwanja wake kuna sanamu za machifu na manduna, mnara wa kumbukumbu, kaburi la pamoja na kaburi la nduna Songea Mbano. Ndani ya jengo huonyeshwa ngao, mikuki, picha na vitu vingine vya wakati ule. Makumbusho hufunguliwa kwa wageni mwaka mzima, na hutembelewa sana na wanafunzi wa shule za msingi na sekondari.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo. Alikutana na wazao wa mashujaa, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani wakati wa ukoloni, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la nduna Songea Mbano.

Kumbukumbu ya Februari

Kila mwaka mwezi Februari hufanyika kumbukumbu ya Vita vya Majimaji, na kilele chake ni tarehe 27. Haipaswi kuchanganywa na Siku ya Mashujaa ya taifa, ambayo huadhimishwa tarehe 25 Julai.

Siku ya kilele ina sehemu mbili zisizofanana. Sehemu ya kwanza ni ya heshima: viongozi wa serikali, wazee wa mila, viongozi wa dini na wazao wa mashujaa hukusanyika kwenye makaburi kwa sala na kuweka mashada ya maua. Sehemu ya pili ni ya hadhara: vikundi vya ngoma kutoka wilaya za mkoa hucheza, hotuba hutolewa, na wafanyabiashara huuza vyakula na bidhaa kuzunguka uwanja.

Mgeni asiyezoea anaweza kushangaa kuona ngoma ikipigwa karibu na kaburi. Katika mila nyingi za kusini mwa Tanzania jambo hilo si utovu wa heshima. Ngoma huchezwa msibani na katika hitimisho la matanga, kwa sababu kumcheza marehemu ni namna ya kumtaja. Hata hivyo anayehudhuria sehemu ya kwanza hutarajiwa kuvaa mavazi ya heshima, kukaa kimya, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha za wazee au za makaburi.

Tamasha la Majimaji Selebuka

Tamasha hili lilianzishwa katika miaka ya 2010, nalo limechukua jina la vita lakini lengo lake ni sherehe. Huwa na mbio za miguu, mashindano ya baiskeli, mashindano ya ngoma na midahalo ya wanafunzi. Linawafaa wageni wanaotaka kuona ngoma za wilaya mbalimbali mahali pamoja.

Ngoma za asili

Mkoa wa Ruvuma una makabila kadhaa, na kila moja lina ngoma zake. Zinazoonekana zaidi katika matukio ya mjini ni hizi:

Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Huchezwa na wanaume na wanawake katika harusi, baada ya mavuno na katika mapokezi ya wageni. Kwa watu wengi wa nje ya mkoa, lizombe ndiyo alama ya Songea.

Mganda huchezwa upande wa Ziwa Nyasa, na pia upande wa Malawi. Wachezaji hupanga mistari, huvaa sare na hupiga hatua za pamoja kama askari kwenye gwaride. Asili yake ni enzi ya ukoloni, watu walipoiga gwaride na bendi za jeshi wakazigeuza kuwa ngoma. Katika hilo mganda ni ndugu wa beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Afrika Mashariki yote.

Kioda ni ngoma ya wanawake, nayo ni ya upande huohuo wa Ziwa Nyasa. Wanawake huvaa sare na kuimba kwa kupokezana.

Ngoma za jando na unyago hupatikana zaidi kwa Wayao na majirani zao. Hizi si burudani ya wageni. Sehemu za hadhara, kama vile kuwapokea wali wanapotoka, zinaweza kutazamwa na wote, lakini mafunzo yenyewe ni siri ya waliopitia.

Vijijini ngoma hufuata msimu wa kilimo. Kwa mfano huko Lusewa, kata ya Wilaya ya Namtumbo (wilaya iliyotengwa na Songea mwaka 2002), miezi ya mvua ni ya shamba, na ngoma hurudi baada ya mavuno, ghala likiwa na mahindi na mbalamwezi ikiwa kubwa. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuona ngoma katika mazingira yake, na si jukwaani, huwa na bahati zaidi kati ya Juni na Oktoba.

Burudani ya usiku

Usiku wa Songea ni mtulivu ukilinganishwa na wa Dar es Salaam. Watu hukaa kwenye baa zenye nyama choma, chipsi na kuku, na mwisho wa wiki baadhi ya kumbi hupiga Bongo Fleva, singeli na muziki wa dansi. Mechi za ligi za Ulaya hutazamwa kwenye vibanda umiza, yaani vyumba vidogo vya kuonyeshea mpira kwa kiingilio kidogo, ambamo watu hubanana kwenye mabenchi. Vilabu vya pombe za kienyeji huuza komoni na, katika msimu wake, ulanzi unaotokana na mianzi. Asiyekunywa pombe hupata togwa, kinywaji kitamu cha unga wa nafaka ambacho hutolewa pia katika harusi na misiba. Songea iko kwenye nyanda za juu, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai huwa na baridi na mgeni anahitaji sweta.

Mpira wa miguu

Uwanja wa Majimaji ni mahali pengine pa mikusanyiko. Klabu ya Majimaji ya Songea iliwahi kuwa bingwa wa ligi ya Tanzania katika miaka ya 1980 na tena mwaka 1998, jambo ambalo ni timu chache za nje ya Dar es Salaam zimelifanya. Jina la timu limetokana na vita, na jina lake la utani, Wanalizombe, limetokana na ngoma.

Maeneo ya karibu

Peramiho, magharibi mwa mji, ina abasia ya Wabenedikto. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1898 na ilichomwa moto wakati wa Vita vya Majimaji. Ndani ya manispaa kuna bustani ya wanyama ya Ruhila, na milima ya Matogoro ambako mto Ruvuma unaanzia. Barabara ya lami kupitia Mbinga hufika Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, penye ufuko na samaki wa kuchoma. Songea hufikiwa kwa basi kutoka Njombe au Tunduru, na kwa ndege.

Umuhimu

Wazee walioshuhudia vita wameshafariki wote, na fuvu la nduna Songea Mbano halijarudishwa. Kwa vijana wengi wa Ruvuma, kumbukumbu ya Februari na safari ya shule kwenda makumbusho ndiyo njia kuu ya kuyajua majina ya walionyongwa. Ngoma inayochezwa siku hiyo ni sehemu ya somo hilo, kwa kuwa nyimbo zake huwataja mashujaa mbele ya watu wasiosoma vitabu vya historia.