Somo la Historia: Kodi ya Nyumba Iliyouzwa

Shikeni kalamu, maana leo tuna hesabu kidogo. Tutazungumza habari za Marekani, na mtu auzaye nyumba yake ili anunue nyingine. Je, mtu huyo amepata faida?

Mwaka 1913 serikali ya Marekani ilianza tena kutoza kodi ya mapato. Faida ya kuuza mali nayo ilihesabiwa kuwa mapato. Mtu aliyenunua nyumba kwa dola 8,000 akaiuza kwa dola 12,000, alitozwa kodi juu ya dola 4,000, hata kama fedha zote alinunulia nyumba nyingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei za nyumba zilipanda. Watu walihama kwa ajili ya kazi, au kwa kuwa watoto wameongezeka. Waliuza ghali, wakanunua ghali. Mkononi hawakubaki na kitu. Bunge likaona si haki. Mwaka 1951 likatunga sheria, na Rais Truman akaitia sahihi: ukiuza nyumba unayokaa, ukanunua nyingine ya kukaa katika mwaka mmoja kabla au baada ya kuuza, kwa bei isiyopungua ile uliyouzia, hutozwi kodi sasa.

Liangalieni neno "sasa". Kodi haikusamehewa, iliahirishwa. Tuseme mtu yule alinunua nyumba ya dola 15,000. Katika hesabu za kodi iliandikwa dola 11,000, kwa kuwa zile 4,000 ziliondolewa. Kama angalinunua ya dola 10,000, angalitozwa kodi juu ya dola 2,000 zilizobaki.

Hivyo deni lilimfuata mtu nyumba hata nyumba, na ilimpasa kutunza hati za miaka mingi. Tena mzee aliyetaka nyumba ndogo, watoto wakiisha kuondoka, alitozwa. Mwaka 1964 wazee wa miaka 65 na zaidi walipewa nafuu. Mwaka 1997 mpango wa 1951 ulifutwa. Tangu hapo, aliyemiliki nyumba na kukaa humo miaka 2 katika 5 kabla ya kuuza, husamehewa faida hadi dola 250,000. Mume na mke pamoja, hadi dola 500,000, wanunue nyingine wasinunue.

Basi, kumbukeni: kuahirishiwa si kusamehewa. Ajuaye kusoma na atunze hati zake.

Maswali:
1. Sheria ya 1951 ilitungwa kwa sababu gani?
2. Mtu ameuza nyumba kwa dola 12,000, akanunua ya dola 9,000. Atatozwa kodi juu ya dola ngapi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.